Niache Nimalize

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 29 Septemba 2024

Kwa dada yangu mpenzi Jalila,

Shikamoo dada. Nataraji waraka huu utakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji, na kwamba joto la Mtwara limemwachia huyo bwana mdogo wenu shingo yake, maana mama aliposikia ana harara alitaka kupanda basi siku ile ile. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama mzima. Goti lamsumbua akiinuka kwenye mkeka, lakini ulimi haumsumbui hata kidogo. Paka wako mweupe amezaa tena, safari hii chini ya kitanda cha mteja huko karakanani, na mteja imembidi angoje mpaka watoto wafungue macho.

Utauliza kwa nini nakuandikia karatasi zote hizi na simu ipo. Wajua mwenyewe. Nikikupigia, neno likinikwama, wewe husikia kimya. Unasema haloo, haloo, mtandao mbaya huu, unakata. Na mimi niko pale pale, mtandao mzuri kabisa, napigana na salamu. Kalamu haina kigugumizi, dada. Tena Bi Mwanarusi wa nyumba ya nyuma anakuja huko kesho kumtazama bintiye, naye amekubali kunibebea barua, kwa sharti kwamba asiambiwe kilichomo. Anajijua.

Baba alipofariki hukuweza kuja, siku zako zilikuwa zimekaribia, na hakuna aliyekulaumu. Habari za maziko ulipewa na ami Sudi. Lakini mimi binafsi sijakuambia lolote tangu siku ile ulipolia kwenye simu ukiniuliza sasa nani atanisemea. Leo nataka kukupa habari zangu zote tangu hapo, mwanzo hadi mwisho, na nakuomba usiruke ukurasa.

Wakumbuka jinsi tulivyokuwa. Mimi na baba tulikuwa na mdomo mmoja, na alikuwa nao yeye. Mimi nilichonga vitanda, yeye akaviuza. Baba aliweza kumuuzia kitanda mtu aliyekuja kuuliza njia. Mteja akinisalimu mimi, yeye ndiye aliyeitikia. Tukienda hospitali, daktari akiniuliza ninaumwa wapi, baba alimwonyesha kwenye mwili wake mwenyewe. Nilipofaulu mtihani, nilipopoteza jino, nilipokuwa na homa, nyote mlizisikia habari hizo kwake. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndivyo baba walivyo.

Ilikuwa siku ya hitima ndipo nilipojua. Watu walipomaliza kula, shehe alisema mtoto wa kiume wa marehemu asimame, hata neno moja, awashukuru waliokuja. Nilisimama, dada. Nilikuwa na maneno kifuani, mazuri, ningekuandikia hapa hivi ungelia. Nikafungua mdomo. Na nyuma yangu, kwa mapenzi yake yote, ami Sudi akasimama, akaniwekea mkono begani, akasema yote niliyotaka kusema na mengine ambayo sikutaka. Watu wakaitikia amin. Nikakaa. Nilitazama mikono yangu nikaona nina miaka thelathini, ndevu ninazo, na sijapata kumwambia mtu yeyote kwamba baba yangu amekufa.

Basi nikarudi karakanani, kwani mbao hazijui matanga. Wateja wakaja. Wengine walinipa pole, wakaniuliza kama nimepoa, wakajijibu wenyewe kwamba nimepoa, wakaenda zao. Wengine waliuliza bei, wakaona uso wangu unavyojikunja, wakaogopa, wakasema watapita siku nyingine. Elkana, yule fundi wa mageti kutoka Rabai anayechomelea hapo kando yetu, alinionea huruma akajitolea kuwa baba. Alizima mashine yake, akavaa shati safi, akakaa kwenye kiti cha marehemu. Mwalimu mmoja wa shule alikuja kutafuta kitanda. Elkana akamsifia mbao, akamsifia msasa, akasifia hata kivuli cha kitanda kilivyoanguka, na alipoona mwalimu anasitasita akamwahidi godoro juu yake. Dada, sisi hatuna godoro. Hatujapata kuwa na godoro. Ilinibidi nimpe mwalimu yule godoro langu mwenyewe, na mama aliponikuta nimelala juu ya gunia alinifikiria nimeanza ibada mpya. Elkana aliomba radhi, akarudi kwenye mageti yake, na nikampenda zaidi.

Sasa nije kwa Nadira. Usinyanyue nyusi, soma tu.

Alikuja mchana, jua kali, amejifunga mtandio kama mtu aliyekuja kugomba. Ana mkahawa wake Mishomoroni, anauza mahamri na mbaazi asubuhi, chapati jioni, na mabenchi yake yalikuwa yameanza kuwaangusha wateja. Mtu mmoja alimwambia Likoni kuna karakana inayotengeneza vitu visivyovunjika, na fundi wake mcheshi kupita kiasi. Nikafahamu anamsema marehemu. Nilitaka kumweleza kwamba huyo mcheshi ametangulia mbele ya haki, kwamba mimi ndiye mwanawe. Neno la kwanza tu likanishika kooni. Nikamwonyesha mlango kwa mkono, kwa maana ya kwamba kama ana haraka aende, wengi huenda. Yeye akavuta kiti cha marehemu akaketi.

Akasema, "Nimetoka Mishomoroni, nimevuka kwa feri juani nikiwa nimesimama. Kungoja neno moja hakunishindi."

Akangoja. Wallahi alingoja. Hakunitazama mdomo kama wanavyofanya watu, alitazama vitoto vya paka wako, wale wa uzao uliopita. Na neno likatoka, na jingine, nikamwambia yote. Alisema pole, kisha tukazungumza habari za mabenchi mpaka kivuli kikahamia upande wa pili. Sijapata kuzungumza habari za mabenchi kwa muda mrefu namna ile. Nilipoyapeleka Mishomoroni alinipa chai na mahamri, akanikataza kulipa. Benchi moja, sijui kwa nini, likawa linacheza mguu kila wiki, nami kila wiki ikanibidi nivuke kwenda kulirekebisha. Elkana alisema hajapata kuona benchi lenye maradhi kama lile.

Lakini usidhani ni mtu wa kimya. Siku ile alinyamaza kwa sababu ya msiba. Nadira ana maneno, dada, na ana haraka nayo, na kadiri tulivyozoeana ndivyo alivyoanza kunisaidia. Nikianza, anamaliza. Nikikwama, anatega sikio, analibahatisha neno, mara analipata mara halipati. Siku moja mkahawa umejaa watu wa jioni, nikawa nataka kumwambia kwamba chapati zake ni nzuri lakini meza ile ya kona nitaibadilisha mguu. Akanidakia hewani, akamgeukia mpishi wake na kusema fundi anataka chapati nne na mayai. Zikaja. Watu wakacheka, si kwa ubaya, nami nikacheka nao, nikala moja, tatu nikaziacha sahanini. Nilijiona nimerudi pale pale. Nimevuka bahari kwenda kutafuta baba mwingine.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama alikuwa bado edani wakati huo, amekaa ukumbini na tasbihi yake, naye uso wangu huusoma kama gazeti. Aliniuliza, nikamweleza habari za chapati, taratibu, na yeye alinisubiri kwa sababu siku zile hakuwa na pa kwenda. Nikamwuliza jambo ambalo sijapata kumwuliza mtu: kwa nini baba hakuniacha niseme. Mama aliiweka tasbihi chini. Alinikumbusha siku nilipotumwa dukani kununua nyanya, nami mdogo, wewe ulikuwa chuoni. Herufi hiyo, wajua, ndiyo ukuta wangu. Nilisimama dukani nya, nya, nya, mpaka watoto wote wa mtaa wakakusanyika wakinifuatisha, na mwisho nikaomba vitunguu kwa kuwa vilikuwa rahisi kusema. Tulikula mchuzi wa vitunguu vitupu siku ile. Hayo nilikuwa nayakumbuka. Nisilolijua ni kwamba baba aliposikia alikwenda pale dukani akasimama, yeye mcheshi wa Likoni nzima, akataka kuwafokea na sauti ikakataa kutoka. Alirudi, akaketi jikoni, akalia. Mama alisema ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia, na tangu siku hiyo hakuniacha niende peke yangu popote penye watu.

Mama akaniambia, "Hakukunyang'anya maneno, mwanangu. Alikuwa akikuzuilia vicheko."

Nilikaa na hayo siku nyingi. Nikipiga randa nayawaza, nikila nayawaza. Nilimsamehe jambo ambalo sikujua kwamba namlaumu, kisha nikaanza kumlaumu tena, kisha nikamsamehe tena, ndivyo yalivyokuwa. Elkana alinishauri nisiwaze huku nikishika msumeno.

Kisha nikavuka kwenda Mishomoroni, bila nyundo, bila kisingizio cha benchi. Nilimkuta Nadira anapanga vikombe. Nikaanza kumwambia nililokuja nalo, nikakwama, na kama kawaida akalidaka: umekuja kuchukua randa yako uliyoisahau? Nikatikisa kichwa. Nikaanza tena. Akadaka tena: una njaa? Nikanyanyua mkono, dada. Mimi. Nikanyanyua mkono mbele ya wateja, nikamwambia, "Niache nimalize."

Si kwamba nililisema hivyo nilivyoandika. Lilichukua muda wake, lilitoka kama msumari wenye kutu, lakini lilitoka lote. Nadira aliweka sinia chini, akavuta benchi, lile lile la maradhi, akaketi, akaweka mikono mapajani. Chai yangu ikaweka utando. Mpishi akaja mlangoni na mwiko wake. Nikamwambia kwamba sitafuti mtu wa kunisemea, niliyekuwa naye alinitosha, na kwamba ninalolitafuta ni mtu wa kusema naye, na kwamba kama anaweza kuzuia ulimi wake, nami nitajitahidi kuuzoea wangu, basi nina jambo la kumwomba babake. Alipoona nimemaliza kweli, akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kusema. Nikamwambia ndiyo. Akasema babake yupo nyumbani kila siku baada ya Magharibi.

Sasa dada, kaa kitako. Kama umempakata mtoto, mpe shemeji.

Nimeoa. Juzi Ijumaa, baada ya Alasiri, Mishomoroni, kwa mzee Abdulaziz, babake Nadira. Usikasirike, nakusihi kwa radhi za baba. Iliyopita ni nikahi tu. Harusi bado, hakuna ngoma iliyopigwa wala sufuria iliyowekwa mekoni, na Nadira yuko kwao hadi utakapokuja wewe na mtoto. Hilo tulipatana tangu siku ya posa, na mzee mwenyewe alisema dada wa bwana harusi asipokuwepo hakuna harusi. Mama ameishi na siri hii mpaka imemkondesha. Ulipopiga simu wiki jana alimpa jirani azungumze nawe akakimbilia jikoni. Ni mimi niliyemwomba. Habari zangu zote tangu kuzaliwa umezisikia kwa kinywa cha mtu mwingine, nami nilitaka hii moja tu uipate kwangu.

Nikwambie ilivyokuwa. Ami Sudi alikuja asubuhi akanieleza kwamba sheria inaruhusu kuweka wakili, yeye atanijibia, hakuna aibu, hata wafalme huweka mawakili. Maskini alikuwa ameshapiga kanzu pasi. Nikamwambia namshukuru, lakini nitajibu mwenyewe. Alinitazama kama mtu niliyemwambia nitavuka kivuko kwa kuogelea. Nami usiku kucha nilikuwa nimetafuta neno la kujibia lisiloanza na ile herufi. Nimekubali. Nimeridhia. Naam. Ndiyo. Haya yote, dada, mlango wake mmoja. Aliyeitunga lugha hii hakunifikiria.

Tulikaa chini ya turubai, mzee Abdulaziz amenishika mkono, shehe yuko kati. Mzee akasema ameniozesha binti yake Nadira kwa mahari tuliyopatana. Zamu yangu. Nikafungua mdomo, na ukuta ukasimama pale pale ulipo siku zote. Nilisikia turubai likipepea. Nilisikia mtu anakohoa. Nilisikia kijiko kikianguka huko walikokaa wanawake, na nikajua ni mama. Kisha nikasikia nyuma yangu ami Sudi anavuta pumzi, wajua ile pumzi ya mtu anayetaka kusaidia, akaanza, "Nime..."

Mzee Abdulaziz hakuuachia mkono wangu. Alisema polepole, "Mwacheni. Binti yangu ameniusia, huyu hakatizwi."

Basi wakaniacha. Watu wote wale, dada, wazee wenye kazi zao, walikaa wakaningoja mimi. Nimeogopa jambo hilo maisha yangu yote, na lilipofika halikuwa na kitu ndani yake. Kimya tu, na nyuso za watu wanaonitakia mema. Na neno likapita ukutani. Nimekubali kumuoa Nadira kwa mahari hayo. Likatoka zima. Vigelegele vilivyopigwa vilimwamsha mtoto wa jirani. Elkana, ambaye alikaa nyuma amevaa kofia ya kuazima, aliniambia baadaye kwamba muda ule wote alikuwa ameiuma asije akanijibia. Kofia ya watu imetoboka. Na mzee Abdulaziz alipoulizwa amemwonaje mkwewe, alisema waume wa dada zake Nadira walimjibu hata kabla hajamaliza kuuliza, na huyu angalau ameonekana amefikiri.

Hapa nilitaka kufunga barua, lakini kuna jambo moja bado, na sijalisema kwa mama wala kwa Nadira. Nakuambia wewe kwa kuwa ulimpenda baba kama nilivyompenda.

Siku zile za kwanza nilipokuwa nalia, nilikuwa nalia kweli. Hakuna asubuhi niliyofungua karakana bila kusikiliza kama anakuja. Lakini ndani ya kilio kile, chini kabisa, kulikuwa na kitu kingine, chepesi, na nilipokitambua niliona aibu. Ni kama mtu aliyevuliwa kanzu nzito aliyoshonewa kwa mapenzi. Nilijiona mtoto mwovu. Nikajiuliza ni mwana gani huyu babake amelala kaburini naye anapumua vizuri zaidi. Nimebeba hilo mpaka juzi. Sasa nadhani mambo mawili yanaweza kukaa kifua kimoja. Ninamkosa kila siku, na mdomo huu ni wangu. Angekuwa hai ningemwambia, naamini ningemwambia, niache nimalize, na angeumia, halafu angelifanya kichekesho awahadithie wateja.

Jana asubuhi nilikwenda makaburini peke yangu. Nilimsomea Fatiha, kisha nikachuchumaa nikaanza kumpa habari. Nilimweleza kuhusu Elkana na godoro, kuhusu benchi, kuhusu ami na pumzi yake. Nilipofika kwenye jina la Nadira nikakwama vibaya, wallahi vibaya kuliko siku ya nikahi. Nikangoja anidakie, kwa mazoea. Upepo ukapita kwenye minazi. Na kwa mara ya kwanza, dada, baba alinisubiri mpaka nikamaliza.

Basi nisikuchoshe. Mama anakusalimu sana, anasema umlete mjukuu akiwa bado anabebeka. Ami Sudi anakusalimu, na ameanza kuzoea. Elkana anakusalimu na anaomba umletee korosho za huko. Nadira, wifi yako, anakupa salamu nyingi mno, na alitaka aziandike mwenyewe humu kwa kuwa anajua naandika polepole, lakini nimemwambia angoje barua yake. Mbusu mtoto macho yote mawili, mpe shemeji mkono wangu. Mkipanga safari, nipigie simu. Ukisikia kimya, usikate.

Wasalaam, ndugu yako akupendaye,

Rashad bin Mwinyihaji